Sura ya Nne: Kidole Hakina Msuli

Weka kigasha chako cha kulia mezani, kiganja kikielekea juu, kisha ukikamate karibu na kiwiko kwa mkono wa kushoto. Sasa kunja vidole vya mkono wa kulia kimoja baada ya kingine. Utahisi nyama ikicheza chini ya mkono wa kushoto, mbali na vidole vinavyokunjwa. Ndani ya kidole chenyewe hakuna msuli wa kukikunja wala wa kukinyoosha. Kuna mifupa mitatu, na kwenye kidole gumba miwili. Kuna mishipa ya damu, neva, mafuta kidogo na ngozi. Na kuna kano, yaani nyuzi nyeupe ngumu zinazoanzia kwenye misuli ya kigasha, zikapita kwenye kifundo cha mkono, zikavuka kiganja na kujishika kwenye mifupa ya kidole. Msuli hujikaza karibu na kiwiko, na ncha ya kidole ndiyo inayoitika.

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, kano hizi hufanya kazi kuanzia asubuhi umande ungali majanini hadi mizani ya mwisho. Chai nzuri huchumwa majani mawili na chipukizi. Kidole gumba na cha shahada hubana bua laini, kifundo cha mkono hugeuka kidogo, bua linakatika. Mchumaji aliyezoea hutumia mikono yote miwili kwa wakati mmoja, kila mmoja na shina lake, huku macho yakitangulia mbele kutafuta chipukizi linalofuata. Majani yakijaa viganjani, mikono hurushwa nyuma juu ya mabega na kuyamwaga kikapuni mgongoni. Kisha anaanza tena. Kilo moja ya majani mabichi ni mamia kwa mamia ya mibano hiyo, na kiwandani zinahitajika kilo nne hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, mitambo ya viwandani imebadilishwa mara nyingi, lakini kitendo hiki cha vidole viwili kilidumu vilevile kwa karibu karne nzima.

Nimechagua kueleza jinsi sehemu za mwili zinavyoshikana kwa kumfuata mchumaji wa chai kwa sababu mwili wake unaonyesha waziwazi jambo ambalo vitabu vya shule hulificha. Vitabu hivyo huugawa mwili kwa mifumo: mfumo wa mifupa sura hii, wa neva sura ile, wa usagaji chakula baadaye. Mwanafunzi hufaulu mtihani akiwa na picha ya mwili uliopangwa kwenye makabati. Halafu anakuwa mtu mzima, kidole gumba kinamuuma, anakipaka dawa kidoleni miezi mitatu bila nafuu, na hakuna aliyemwambia kwamba pengine kidole hakina kosa lolote.

Tuanze na kano. Kila kano ndefu ya mkono hupita ndani ya ala, mrija mwembamba wenye ute wa kulainisha, jinsi waya wa breki ya baiskeli unavyoteleza ndani ya mpira wake. Ukivuta waya mara elfu bila kuutia mafuta, mpira unakwaruzwa na waya unakwama. Pembeni mwa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kano mbili hupita katika ala moja nyembamba juu ya mfupa. Hizo ndizo zinazokiinua kidole gumba na kukipeleka mbali na vingine, na mchumaji huzitumia kila anapotanua vidole kabla ya kubana bua. Ala hiyo ikivimba, kila mbano unauma. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kuupima hakuhitaji mashine: mgonjwa hufunga ngumi akiwa amekificha kidole gumba ndani, kisha hukiinamisha kifundo taratibu kuelekea kidole cha mwisho. Mwenye ugonjwa huu hushtuka kabla hajafika mbali.

Ndani ya kiganja kuna misuli midogo minne ambayo kwangu ni miongoni mwa vitu vya kustaajabisha zaidi mwilini. Msuli wa kawaida hushika mfupa huku na mfupa kule, ukijikaza unaisogeza mifupa hiyo. Hii minne haishiki mfupa kabisa. Inaanzia kwenye kano zinazokunja vidole na kuishia kwenye utando unaonyoosha vidole. Hivyo kila mmoja umeunganisha upande wa kukunja na upande wa kunyoosha wa kidole kilekile, na unaweza kuulegeza mmoja huku ukiuvuta mwingine. Bila misuli hii, mbano laini wa kushika chipukizi bila kulisagasaga ungekuwa mgumu sana. Vidole vingejikunja kama makucha.

Sasa tupande hadi kwenye kifundo. Mifupa minane midogo imejipanga hapo kama kitanda cha bonde, na juu yake umetandazwa mkanda imara wa ligamenti, yaani nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa. Katika njia hiyo iliyofunikwa hupita kano tisa: nne za juu na nne za chini za vidole vinne, na moja ya kidole gumba. Katikati yao imejibana neva moja, neva ya kati, inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Njia haina nafasi ya ziada. Ala za kano zikivimba kwa kazi ya kurudiarudia, mifupa haisogei wala ligamenti hainyooki, kwa hiyo kinachobanwa ni neva. Mtu huamka usiku wa manane vidole vikiwa na ganzi, akaukung'uta mkono kando ya kitanda mpaka uhai urudi. Kidole cha mwisho huwa hakijaguswa na ganzi hiyo, kwa kuwa neva yake imepita njia nyingine, nyuma ya kiwiko, palepale ambapo ukijigonga kwenye ukingo wa meza unasikia shoti hadi kidoleni. Daktari anayeuliza ni vidole vipi hasa vinavyokufa ganzi amekwisha kujua nusu ya jibu kabla ya kumgusa mgonjwa.

Lakini nusu tu. Neva ya kati haianzii kwenye kifundo. Ukiifuata kwenda juu unafika kwapani, kisha kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, kisha shingoni, ambako mizizi mitano ya neva hutoka kati ya pingili za chini za shingo na ile ya kwanza ya kifua. Mizizi hiyo huungana, huachana na kuungana tena kabla ya kuwa neva za mkono. Mzizi wa sita wa shingo hupeleka hisia za kidole gumba, wa saba za kidole cha kati, wa nane za kidole cha mwisho. Diski, yaani gegedu iliyo kati ya pingili na pingili, ikichomoza shingoni na kuugusa mzizi wa sita italeta ganzi kwenye kidole gumba kilekile ambacho tumekuwa tukikilaumu kifundo chake. Na katikati ya safari hiyo kuna mkanda wa kikapu. Unalala begani, karibu na mahali neva zinapopita chini ya mtulinga. Kikapu kikianza kujaa, mkanda unazama, bega linashuka na ile nafasi kati ya mtulinga na ubavu inapungua. Neva inayobanwa kidogo begani na kidogo kwenye kifundo huenda ikalalamika mapema kuliko ile inayobanwa mahali pamoja tu. Madaktari wa neva wameliwazia jambo hilo tangu miaka ya 1970.

Shingo nayo ina mzigo wake. Kichwa cha mtu mzima huwa na uzito wa kilo nne na nusu hadi tano hivi. Kikikaa wima, uzito huo hushuka moja kwa moja kwenye pingili. Kikiinama, misuli ya nyuma ya shingo lazima ikivute kisianguke, na nguvu ya mvuto huo huongezeka kwa kila digrii. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwamba kichwa kilichoinamishwa digrii 60 huibebesha shingo kiasi cha kilo 27. Alikuwa akiwafikiria watu wanaotazama simu. Mchumaji wa chai alikuwa akiinamia meza ya majani miongo mingi kabla simu hazijaja.

Meza ndilo jina la sehemu ya juu ya mashina ya chai iliyosawazishwa kwa kuchumwa, na urefu wake haubaki mmoja. Shamba hukatwa kila baada ya miaka mitatu au minne, likabaki vishina vifupi, kisha linaachwa lichipuke. Mwaka wa kwanza baada ya kukatwa meza iko chini na mchumaji huinama sana. Mwaka baada ya mwaka inapanda, mgongo unanyooka, na katika miaka ya mwisho kabla ya kukatwa tena mtu mfupi hulazimika kuinua viwiko ili afikie. Mwanamke mmoja anaweza kuumwa kiuno mwaka huu na mabega miaka miwili baadaye akiwa hajabadilisha kazi, mwajiri wala shamba. Kilichobadilika ni kimo cha mti. Sijui kama kuna swali lenye manufaa zaidi kwa tabibu wa Kericho kuliko hili: mama, shamba unalochuma sasa lilikatwa lini?

Kati ya pingili na pingili kuna diski, duara la gegedu lenye kiini laini chenye maji mengi. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya mtu mmoja aliyejitolea kuingizwa kipimio chembamba ndani ya diski ya kiuno chake, akaishi nacho siku nzima akiendelea na mambo ya kawaida. Akisimama wima, shinikizo lilikuwa kiasi cha megapaskali 0.5. Akiinama mbele bila mzigo, lilipanda hadi 1.1. Akinyanyua kilo 20 akiwa ameupinda mgongo, lilifika 2.3. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Inapata lishe kwa maji kuingia na kutoka shinikizo linapopanda na kushuka, na usiku mtu akilala hujaza tena maji iliyopoteza mchana. Ndiyo maana kila mmoja wetu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala. Kazi ya kuinama saa nyingi bila kubadili mkao huinyima diski ule kupanda na kushuka kunakoilisha. Mapumziko mafupi ya kusimama wima na kurudisha kiuno nyuma ni lishe ya diski, na msimamizi anayeyahesabu kuwa uvivu anakosea.

Wengi wetu tumeona kwa macho kinachoushikilia mgongo, ila hatukukiangalia kwa makini. Mbuzi akichunwa, chini ya ngozi kuna utando mweupe unaong'aa, ambao mchunaji huutenga kwa ngumi na kisu. Umeifunika misuli yote, unaingia kati ya msuli na msuli, unazunguka kila fungu la nyama, na kila ukiuvuta mahali pamoja unaona kunyanzi likitembea mbali. Kwa karne nyingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kuukwangua na kuutupa ili waione misuli vizuri. Andreas Vesalius, aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha anatomia mwaka 1543, alituachia picha za misuli zinazovutia hadi leo, na msomaji anaweza kuzitazama akadhani kila msuli unajitegemea.

Utando huo kiunoni ni mnene kuliko karibu mahali pengine popote. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Andry Vleeming walionyesha kwa kuvuta misuli ya maiti kwamba msuli mpana wa mgongo, unaotoka mkononi karibu na kwapa hadi kiunoni, na msuli mkubwa wa tako wa upande wa pili hukutana kwenye utando huo. Nguvu inavuka katikati ya mgongo. Mkono wa kulia na nyonga ya kushoto, kwa maana hiyo, vinavuta kamba moja. Mtu akitembea, mkono wa kulia huenda mbele pamoja na mguu wa kushoto, na utando wa kiuno hukazwa mshazari kila hatua. Sasa mfikirie mchumaji aliyesimama kwenye mteremko wa Kericho, mguu mmoja juu na mwingine chini, akirusha majani nyuma juu ya bega lilelile mara nyingi kuliko jingine. Kiuno kinamuuma upande mmoja. Ukikanda pale panapouma, anapata nafuu ya usiku mmoja. Ukimfundisha kubadilisha upande wa kurushia majani na kugeuka ili mguu mwingine nao uwe wa juu, umegusa chanzo.

Mnyororo huu hauishii kiunoni. Utando mnene wa wayo huanzia chini ya vidole vya mguu na kushika kisigino. Upande wa pili wa kisigino ndipo inaposhika kano nene kuliko zote mwilini, inayopanda hadi misuli ya shavu la mguu; kisha ipo misuli ya nyuma ya paja, inayoshika fupanyonga, na kutoka hapo ligamenti na utando vinaendelea hadi misuli inayosimamisha uti wa mgongo. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza waliwaambia watu wasugue nyayo zao juu ya mpira mdogo kwa dakika chache, kisha wakawapima jinsi wanavyoweza kuinama na kufikia mbele. Waliosugua nyayo walifika mbali zaidi kuliko wale ambao hawakufanya chochote. Lilikuwa kundi la watu 24 tu, na huenda ubongo, uliolegeza misuli baada ya kupata hisia mpya kutoka miguuni, ndio ulioleta tofauti badala ya utando wenyewe. Kwa vyovyote vile, wayo ulisuguliwa na mgongo ukaitika.

Kano ya kisigino imewafaa watu wa nyanda hizi kwa namna nyingine. Wilson Kiprugut Chuma wa Kericho aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo mwaka 1964, na fedha ya mbio hizohizo Mexico mwaka 1968. Kano hujinyoosha mguu unapotua na kurudi urefu wake mguu unapoondoka, ikimrudishia mkimbiaji sehemu ya nguvu aliyoitumia. Mwaka 1987 mtafiti Robert McNeill Alexander na wenzake walikadiria kwamba kano ya kisigino huhifadhi kiasi cha asilimia 35 ya nishati inayobadilika kila hatua ya mbio, na upinde wa wayo asilimia 17. Alexander aliifahamu Kenya, kwani alishirikiana na mtafiti Geoffrey Maloiy wa Nairobi kupima mifupa na misuli ya miguu ya wanyama wetu wa porini.

Maloiy huyohuyo aliwageukia wanadamu. Mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikuyu waliozoea kubeba mizigo, Wajaluo kichwani na Wakikuyu mgongoni kwa mkanda wa paji la uso. Wanawake hao walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 1995, ulieleza siri: mwendo wao uliutumia mzigo wenyewe vizuri zaidi kila mwili unapopanda na kushuka katika hatua, hata misuli ikafanya kazi kidogo. Lakini ustadi huo ni wa kutembea. Mchumaji anasimama, anainama, anasogea hatua moja, anasimama tena, kikapu kikimvuta nyuma na mikono ikiwa mbele. Hakuna mwendo wa kumsaidia. Mzigo uleule ambao bibi yake angeufikisha sokoni bila kuhema unamchosha yeye asubuhi nzima akiwa mahali pamoja.

Tofauti hii kati ya mwili ulivyoshikana na jinsi tunavyouhesabu inaonekana wazi katika sheria. Sheria ya Kenya ya Mafao kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wafanyakazi huiita WIBA, hukokotoa fidia ya ulemavu wa kudumu kwa kuanzia na mshahara wa miezi 96, kisha hutazama asilimia ya ulemavu. Jedwali lake la kwanza linataja viungo na asilimia zake: mkono, mguu, kidole, sehemu ya kidole. Aliyekatwa kidole na mashine anajua aangalie mstari upi. Aliyechuma chai miaka 15 na sasa hawezi kuinama, hawezi kulala juu ya bega la kulia, na huamka na ganzi ya vidole vitatu, hana mstari ulio wake. Maumivu yake yamesambaa kwenye mnyororo mzima, na kila tabibu aliyemwona ameandika kipande kimoja.

Zaidi ya wafanyakazi elfu moja wa mashamba ya Kericho waliipeleka kampuni ya James Finlay (Kenya) kwenye mahakama ya Court of Session, Edinburgh, Uskoti, wakidai kwamba kazi ya kuchuma iliwaumiza migongo, shingo, mabega na viungo vingine. Kampuni ilipinga madai hayo. Novemba 2023 majaji wa rufaa wa Uskoti waliisimamisha kesi, wakisema wadai wafuate kwanza njia ya WIBA nchini Kenya. Hoja za mamlaka ya mahakama nawaachia wanasheria. Kama mtu anayeandika juu ya mwili, nasema tu kwamba jedwali lililopangwa kwa viungo vilivyokatwa litaupima vibaya ugonjwa wa viungo vilivyoshikana, hata likisomwa na mtu mwenye nia njema kabisa. Na mashine za kuchumia, ambazo baadhi yake zilichomwa na waandamanaji Kericho mwezi Mei 2023 kwa hofu ya kupoteza kazi, hazimalizi shida hii kwa wanaobaki kazini. Zinaiondoa kwenye kidole gumba na kuipeleka mikononi na mabegani, kwa uzito wa injini na mtetemo ambao, saa nyingi kwa siku, huumiza neva na mishipa midogo ya damu ya vidole.

Hadi hapa nimefuata misuli, mifupa na neva za viungo vya nje. Viungo vya ndani navyo vimeshikana kwa njia ambazo mtu asiyezijua hawezi kuzikisia. Kibofu nyongo kikivimba kinaweza kumuuma mtu juu ya bega la kulia, kwa sababu neva ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hutoka shingoni, kwenye mizizi ya tatu hadi ya tano, jirani na inayopokea hisia za bega. Ubongo hupata habari kutoka njia hiyo na kudhani zimetoka begani. Mchumaji mwenye mawe ya nyongo anaweza kulaumu mkanda wa kikapu mwaka mzima.

Ila muunganiko unaonigusa zaidi katika nchi hii ya chai ni wa sauti. Bomet kuna Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1930. Kwa miongo kadhaa madaktari wake wamepokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, wakiwamo vijana ambao kwingineko duniani ni nadra sana kuugua ugonjwa huo. Mwaka 2002 waliandika juu ya vijana hao wa Bomet katika jarida la Lancet. Sababu ni zaidi ya moja na bado zinachunguzwa. Miongoni mwa zinazotiliwa shaka ni vinywaji vya moto sana, ambavyo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka mwaka 2016 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani vikinywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65. Katika nyumba ambazo chai hutoka jikoni ikichemka na mgeni huheshimiwa kwa kupewa ya moto, kuiacha ipoe dakika chache ni tahadhari isiyogharimu chochote.

Mgonjwa huja akisema chakula kinakwama. Wengine huja wakinong'ona. Sauti imekwaruza, kisha imepotea, na huko nyumbani walipewa asali, tangawizi na dawa ya kikohozi, kwa kuwa kila mtu anajua sauti iko kooni. Iko kooni, ni kweli, lakini neva inayoendesha nyuzi za sauti upande wa kushoto haiendi kooni moja kwa moja. Inashuka na neva kubwa hadi kifuani, inajipinda chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha inapanda tena katika mfereji mwembamba kati ya koromeo la hewa na umio mpaka ifike kwenye zoloto, kiungo chenye nyuzi za sauti. Safari hiyo ndefu ni urithi wa viumbe wa kale, wenye mwili wa samaki, ambao kwao njia ilikuwa fupi na iliyonyooka. Shingo ilipotokea na moyo ukashuka kifuani, neva ilinaswa chini ya mshipa na kuvutwa nao. Kwa twiga wa Maasai Mara, safari ya kushuka na kurudi huzidi mita nne, ilhali kutoka ubongoni hadi zoloto ni umbali mfupi tu.

Kwa hiyo uvimbe wa umio ukikua kuelekea nje, hukutana na neva hii palepale kwenye mfereji wake na kuinyamazisha. Uzi mmoja wa sauti unalala. Zoloto lenyewe ukilichungulia ni zima, halina kidonda wala uvimbe, isipokuwa upande mmoja hausogei. Mara nyingi dalili hiyo huwa na maana kwamba ugonjwa umekwisha kuvuka ukuta wa umio, na madaktari wanabaki na kazi ya kumsaidia mgonjwa ale, kwa kumwekea mrija wa wavu wa chuma unaojitanua na kuifungua njia ya chakula. Mrija huo unaweza kumrudishia uji, ugali laini na mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa. Sauti hairudi nao. Ndiyo sababu mtu yeyote wa Bomet au Kericho aliyekwaruza sauti kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua anastahili kuulizwa jinsi anavyomeza, na kupigwa picha ya kifua, kabla hajapewa chupa nyingine ya dawa ya koo.